Sufuria ya Watawa Imekubali

Mtaa wa Kinu 6,
Vaux-la-Cloche,
Ubelgiji.
15 Oktoba 2018

Mpendwa shangazi Odile,

Shikamoo. Hujambo huko Kanada? Goti lako linaendeleaje, na baridi imeshaanza kukusumbua? Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio kila asubuhi, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Thibaut yuko zamu za usiku kule kwenye kiwanda cha mbao. Aubin wetu ametimiza miezi saba, ana meno mawili, na hajui usingizi ni kitu gani. Mimi ndiye ninayejua, maana nautamani mchana kutwa. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimempakata mtu anayetaka kula kalamu.

Nilitaka kukusalimia taratibu mpaka mwisho, nimeshindwa. Shangazi, keti kwanza. Imeganda! Sufuria ya watawa imekubali! Imekatika kwa kisu mbele ya kijiji kizima!

Ngoja nianze mwanzo nisikuchanganye.

Mwezi wa nane Chama cha Sufuria kilikutana kikaamua kwamba mwaka huu ndio mwisho. Mzee Fernand ndiye mkuu wao siku hizi. Alisema wamechoka kuchekwa na vijiji vya jirani, kila Sikukuu ya Peasi wanavaa majoho, wanapika supu, halafu wanaiita halua. Ikishindikana tena, sufuria iende makumbusho ya mjini na jiko la watawa lifungwe. Siku ile Baba alirudi nyumbani hakugusa chakula. Alikaa tu, akasema, "Basi Odile harudi tena." Sote tunajua ulivyoapa walipokucheka: hukanyagi hapa mpaka sufuria ile ijibu. Sasa ikiwekwa ndani ya kioo makumbusho, itajibu nini?

Yale maneno ambayo watawa wa zamani waliyachonga kwenye jiwe la juu ya meko unayajua kwa moyo, lakini nayaandika kwa sababu sasa nayapenda:

Peasi na asali, bila tone la maji.
Moto mdogo kama wa taa ya altare.
Zaburi saba za toba ndizo saa yako.
Mmoja akoroge, wote wapumue.
Ikikatika kwa kisu, mshukuru Mungu.
Ikimwagika, hamkupumua.

Wewe ndiye uliyesimama mwaka ule ukawaambia moto hauna kosa, peasi hazina kosa, kosa ni muda. Wakakuita Saa Mbovu. Lakini hata wewe hukujua muda unapotelea wapi, maana zaburi ni saba na zote saba zilisomwa. Hebu kumbuka zilivyosomwa! Mzee Fernand anazisoma mbio kama anauza ng'ombe mnadani, mmoja anakoroga, na sisi wengine tumepanga foleni kuvuta mvuke wa sufuria, eti ndiyo "wote wapumue." Mimi nimeuvuta mvuke ule tangu nasoma chekechea. Nimeungua pua mara ngapi, na halua sijaiona.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita kuna siku Aubin alilia tangu alfajiri mpaka jioni. Nikamtia kwenye kigari chake, nikapanda naye bonde mpaka kule kwa masista. Mvua ikatukuta mlangoni, nikaingia nikakaa nyuma kabisa kanisani. Walikuwa kwenye sala ya jioni. Wakaimba nusu ya mstari, halafu kimya. Nikadhani wamesahau maneno. Kumbe wanavuta pumzi, wote kwa pamoja, kama wana kifua kimoja. Halafu wakamalizia nusu iliyobaki. Mstari wa pili hivyo hivyo. Aubin akanyamaza ghafla. Kila wakinyamaza, naye anatega sikio kungoja kipande kinachofuata, na jicho linazidi kuwa zito. Zaburi ya pili hakuisikia, alikuwa keshalala. Na mimi nilikuwa nazama pamoja naye, ndipo likanijia.

Wote wapumue! Nililisema kwa sauti, shangazi, mle mle kanisani. Sala ilipokwisha, Sista Bertille akanijia amekunja uso.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Sista, mnapumua!"

"Bado, namshukuru Mungu."

Nikacheka hadi nikalia, ni uchovu ule. Nikamuuliza kama watawa wa zamani nao waliimba hivyo. Akasema, "Sisi tumerithi kwao. Bila kile kituo, wenye mapafu ya ujana wangewaacha wazee njiani." Unaona? Hawakusoma zaburi. Waliziimba, wakatua katikati ya kila mstari mpaka mzee wa mwisho apate pumzi. Saa yao ilikuwa vifua vyao. Ukiimba hivyo, zaburi saba zinakuwa ndefu mara kadhaa kuliko mnada wa Mzee Fernand.

Nilijaribu nyumbani kwanza. Sufuria ya kwanza niliiunguza. Thibaut aliporudi kutoka zamu alinikuta nimesimama jikoni, mwiko mkononi, macho nimefumba, moshi umejaa. Nilikuwa nimelala kwenye zaburi ya nne. Hakunisema, alifungua dirisha tu, akaenda kununua peasi nyingine. Ya pili tuliimba wote wawili, na Aubin mgongoni kwangu. Ikakatika. Nilimbusu Thibaut na mwiko wake, hata sijui nilianza na nini.

Kumshawishi Mzee Fernand, mbele ya Chama kizima, ilikuwa kazi nyingine.

"Binti, una mtoto mchanga," akaniambia. "Nenda kalale."

"Ningekuwa napata huo usingizi, mzee, nisingekuwa hapa."

"Babu yangu alivuta mvuke. Baba yangu alivuta mvuke."

"Na wote wawili walikunywa supu."

Watu wakaangua kicheko. Akawa mwekundu kama pazia la ukumbi. "Haya! Ikiungua utaisugua wewe, peke yako."

"Nitaisugua."

Nakuambia ukweli, usiku wake nilijilaumu. Sufuria ile inaingia mtu mzima. Na nikikosea mimi, ni mimi niliyekufungia mlango.

Jumapili ya sikukuu ilifika, jana. Sista Bertille alikuja na wenzake watatu, wakasimama pembeni ya meko wakaanza. Nikakoroga. Mwanzoni watu walicheka wakisukumana, lakini kufika zaburi ya tatu kijiji chote kilikuwa kinavuta pumzi pamoja nao, wanaume na majoho yao, watoto, hata muuza nyama. Baba alimshika Aubin, akawa anapumua kwa nguvu kuliko wote na kikohozi chake.

Mzee Fernand hakutulia. "Inatosha! Itashika chini! Nipe huo mwiko!"

"Sikupi, mzee. Imba."

Akaimba, shangazi. Ana sauti nzuri, nani alijua?

Zaburi ya sita mikono yangu ilikufa ganzi, Thibaut akanishika kiuno nisianguke, lakini mwiko sikumwachia. Ya saba ilipokwisha, mwiko ukasimama wenyewe katikati. Tukaimimina juu ya ubao, tukangoja ipoe, na hakuna aliyekwenda nyumbani kula. Mzee Fernand ndiye aliyekata. Kisu kikatoka, kipande kikabaki kimesimama, cheusi, kinang'aa. Akala. Akavua kofia. Akasema polepole, kila mtu akasikia, "Saa Mbovu alikuwa sahihi." Baba akageukia ukuta. Alisema ni moshi.

Unajua desturi, atakayeiweza jina lake linachongwa kwenye mpini wa mwiko. Mzee Fernand akatoa kisu chake kidogo akaniuliza aandike vipi jina langu.

"Andika Odile."

"Lakini aliyekoroga ni wewe."

"Yeye alijua kabla yetu. Andika Odile, mzee. Langu nitalichonga mwenyewe mtoto akilala."

"Basi hilo halitachongwa kamwe," akasema, na akaandika.

Sufuria haiendi popote. Iko pale pale, na mimi nimeshaisugua, maana ahadi ni ahadi.

Najua utaniandikia nikutumie kipande. Sikutumii, shangazi. Nimekifunga kwenye karatasi nikakiweka kwenye kabati la juu, ambako mgongo wa Baba haumruhusu kufika. Ulisema mpaka ijibu. Imejibu. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika, ila nakuonya kwamba utamsikia Aubin.

Baba anakusalimu, hataki kusema zaidi ya hapo lakini amekata kucha na kunyoa ndevu kama mtu anayengoja mgeni. Thibaut anakusalimu sana, na Sista Bertille, na Mzee Fernand anaomba umsamehe, ingawa ameniambia nisiandike. Mungu akulinde njiani, akupe goti lenye nguvu na pumzi ya kutosha.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nasinzia,

Maëlle