Mti wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo tumepata wageni kibandani! Msichana mmoja mrefu wa shirika, Nosipho, beji shingoni, ametuletea barua ya mwaliko. Wiki ijayo kuna mkutano mkubwa wa maendeleo kule karibu na bahari, watu kutoka dunia nzima. Na barua ni ya Kiswahili, ugenini huku! Kiswahili cha kompyuta, lakini asante ni asante. Inasema: “Tunahitaji sauti kumi za jamii.”

Mama Ninahazwe, tunayesuka naye nywele bega kwa bega miaka minane sasa, aliisoma huku bado ameshika kichwa cha mteja. “Sauti kumi tu? Sisi tuko nazo kumi na sita!” Papo hapo akampigia Papa Séverin, kiongozi wa kwaya yetu.

Mimi nikasema labda wanataka watu wa kusema. Nikaambiwa niache kiherehere.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi Mobeni, kwenye ghala tunalopanga kwa ibada. Jirani wanatengeneza magodoro, kwa hiyo tunaimba na harufu ya gundi. Papa Séverin amechagua: soprano watatu, alto watatu, teno wawili, besi wawili. Nimo! Majina yametumwa kwa Nosipho, kila mtu na sauti yake.

Ugomvi ulikuwa wa sare tu. Kitenge cha njano au kile cha Pasaka? Dakika arobaini na tano. Cha Pasaka kimeshinda, ingawa changu zipu haifiki juu tangu Pasaka yenyewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nosipho amerudi na picha kubwa ya mradi utakaotiwa saini Alhamisi, hapo hapo mkutanoni. Bustani ya mji. Nzuri mno! Nyasi, vijia, benchi, bibi mwenye miwani ya jua, mbwa. Nikauliza, ni wapi huku? Akainamisha macho. Ni hapa. Mtaa wetu huu, kuanzia kwenye robot, zile taa za barabarani, mpaka duka la simu.

Nikahesabu. Pale kilipo kiti changu pamechorwa mti. Wa tatu kutoka kushoto. Mama Ninahazwe ni wa nne, mnene kidogo, hapo mchoraji hakukosea.

“Imbwa iko,” alisema Mama Ninahazwe. “Benchi iko. Sisi hatuko.”

Nosipho nusura alie. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba kwenye makaratasi yao mtaa wetu umeandikwa eneo tupu. Ndiyo maana alipigana jamii iitwe, iseme kabla ya saini. Iseme! Sauti ni watu wa kusema! Nilisema mimi! Lakini kusema kweli, kuwa sahihi leo hakukuwa na utamu wowote. Kiti kile ndicho kinachosomesha wanangu wawili. Nimeogopa. Naandika wazi, nimeogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Programu ya mkutano imeshachapishwa, Nosipho ametutumia kwenye simu. Jamii itasemewa na profesa kutoka ng'ambo, dakika ishirini. Sisi tuko chini yake: “Burudani – kwaya – dakika nne.” Kisa ile orodha ya Papa Séverin! Nosipho ameomba ibadilishwe. Amejibiwa kwamba wakubwa wameshaipitisha, na kwamba kwaya ni wazo zuri sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nikamfuata Papa Séverin. Tutie maneno yetu ndani ya wimbo, nikamwambia. Alinitazama kama niliyekivunja kinanda.

“Mais Laurette! Wimbo ya Mungu haibebake ramani ya bustani!”

Mama Ninahazwe akaingilia. Kuta za Yeriko ziliangushwa na kelele za watu wa Mungu, alisema, na sisi hatutaki kuangusha kitu, tunaomba vibanda visimame tu. Papa Séverin akaenda kutafuta funguo za gari. Alikuwa amezishika mkononi.

Jumanne, 14 Oktoba

Ameandika! Kumbe mzee ana moto ndani. Besi wanarudia chini kabisa, “Hapa si patupu, hapa si patupu.” Teno wanataja vibanda kimoja kimoja. Soprano wanauliza juu kabisa, “Huyo mbwa atasukwa na nani?” Sisi alto tuna mstari mmoja: “Mnapopanda mti, nimekaa mimi.”

Mara mbili kicheko kilitushinda, tukaanza upya. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandikia nyuma ya programu, sakafuni, kwenye korido ya ukumbi. Mgongoni zipu iko wazi, shali imeficha.

Tumeimba asubuhi. Wametupenda! Wamesimama, wamepiga makofi, wamecheza. Mkubwa wa mradi mwenyewe, mzee wa suti ya kijivu, amecheza mbele yangu hasa nilipokuwa namwimbia kwamba ananipandia mti kichwani. Akaninyanyulia vidole gumba viwili! Hakuna aliyeelewa hata neno moja. Halafu profesa akatusemea. Alisema jamii ina furaha, akaonyesha picha yetu tunavyoimba. Nilitaka kulia, kitenge kikanikataza.

Wakati wa chakula akaja baba mmoja Mtanzania na sahani ya sambusa. Ni mkalimani, anakaa kwenye kibanda cha vioo mle ukumbini, nyuma kabisa. Akaniuliza kwa adabu sana: “Samahani dada, ni kweli nyie ndiyo ile miti?”

Nikasema ndiyo.

Akaeleza kwamba muziki ukianza huwa wanazima vipaza sauti vyao, nyimbo hazitafsiriwi. Lakini wakubwa wameomba turudie saa nane, kabla tu ya saini, wapate picha nzuri. Akamaliza sambusa yake polepole. Yeye, alisema, siku hizi ana ugonjwa wa kusahau. Huenda safari hii akasahau kuzima.

Sasa ni saa nane kasoro dakika tatu. Mlango uko wazi, naona ndani. Nosipho anapita kiti kwa kiti, anahimiza kila mgeni avae kisikilizio chake cha tafsiri. Mzee wa suti ya kijivu amevaa. Ameniona, ananipungia mkono, anacheka. Ile picha ya bustani wameisimamisha mezani karibu na kalamu. Papa Séverin ametoa sauti ya kuanzia, chini mno, jasho linamtoka. Wenzangu wamepanga mstari. Mimi sijainuka hapa sakafuni. Nimewaambia waende tisa, mimi nitaombea huku huku.

Mama Ninahazwe ameninyang'anya – hapana, kalamu bado ninayo, shali ndiyo ameshika.

“Eish, Laurette, simama! Ulionaka wapi muti yenye kukaa?”