Binti wa Msimamizi wa Meza

Mpendwa Mama Wafula,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yetu ya jikoni, hapa Hässelby kwa Waswidi, upande wa dirishani. Kiti chako kimejaa makaratasi yangu. Ungekuwepo ungeniambia niyaondoe, kwamba kiti si kabati. Nimeyaacha hapo kwa sababu kukiona kitupu kunanishinda.

Ni makaratasi ya yule kabaila wa Kinormani. Barua hii itasomwa pia na wasiomjua, kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo, kama ulivyonivumilia maisha yetu yote. Wanormani walikuwa watu ambao mababu zao walitoka huku Kaskazini, wakaenda Ufaransa, wakatwaa ardhi, wakaoa huko huko. Baada ya vizazi vichache wajukuu hawakuijua tena lugha ya babu zao. Siku niliyokusimulia hayo, Wafula wetu, akiwa bado mdogo, alikuwa amejificha chini ya meza hii, na kila ulipomwita kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiswidi. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Kumbe walianza wao," ukasema.

Kabaila wangu alivuka maji na mtawala wake kwenda kuitawala Uingereza, akafanywa msimamizi wa meza ya mfalme. Haikuwa kazi ya mpishi. Aliyekabidhiwa sahani ya mfalme alikuwa amekabidhiwa roho ya mfalme, na kwa uaminifu huo alipewa mashamba, ngome na watu wa kumtii. Niliandika tasnifu yangu juu yake, nikafundisha historia miaka mingi, na hata nilipostaafu sikuachana naye. Wewe ulimwita mke mwenzako. Ukirudi kutoka Märsta, kule ulikokuwa ukipanga trei za chakula cha abiria wa ndege, ulikuwa ukining'inizia koti mlangoni na kuuliza, "Mke mwenzangu ameshindaje leo?"

"Ameshinda vizuri. Amembebea mfalme sahani."

"Mfalme mmoja, sahani moja, ndiyo akapewa ngome. Mimi nimelisha ndege nzima mpaka Bangkok, na nimepewa maumivu ya mgongo."

Nakumbuka hasa jioni uliyouliza habari za ukoo wake. Nilikuwa nimechora mti wa nasaba kwenye karatasi kubwa: baba yake, kaka zake, mke wake wa nasaba kuu, kisha mstari mmoja unaoshuka na kukoma. Hakuacha mtoto wa kiume. Alipokufa, mashamba na ngome vilirudi kwa mfalme. Uliweka kidole mwisho wa ule mstari.

"Na huyu?"

"Huyo ni binti yake."

"Anaitwa nani?"

Nikakueleza kwamba hati hazikubaliani, kwamba baadhi ya wanazuoni wanashuku kama alikuwepo, kwamba waandishi wa zama zile waliwataja wanawake pale tu ardhi ilipopita mikononi mwao. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukasema, "Huyo baba alijua majina ya farasi wa mfalme. Na ninyi wasomi mnaandika bila aibu, 'binti wa msimamizi'." Ukainuka kwenda kutazama sufuria. Ukiwa umenipa mgongo ukaongeza, polepole, "Mimi msije mkaniacha hivyo."

Nilidhani unatania.

Yule kabaila alifia ng'ambo, akavushwa maji akazikwa katika abasia aliyoijenga mwenyewe ili watawa walitaje jina lake kila siku. Abasia ilibomolewa zamani, na watawa hawapo. Wewe tulikurudisha Bungoma. Nilisimama uwanja wa ndege wa Arlanda nikiitazama ndege, nikawaza kwamba huenda trei zilizokuwa ndani yake zilipangwa na mwenzako wa zamu. Kaburi lako liko mbali, na miguu yangu haiwezi tena safari ile.

Lakini nilikuwa na tumaini moja, nami nalikiri kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mwezi wa pili Wafula na mkewe Maja walipata mtoto wa kike.

Wewe unajua mambo yalivyo nyumbani kwa baba yangu. Jina la aliyetangulia humrudia mtoto, na mtoto huyo huheshimiwa kwa jina hilo: baba yake humwita mama, babu yake humwita mke wangu. Ila mzee hatangulii kulitaja. Jina la mkewe mwenyewe ndilo hasa asilolitaja. Hukaa akasubiri mwenye mtoto aje amuulize, "Baba, tumwite nani?" Ndipo aseme. Hivyo ndivyo nilivyomwuliza baba yangu, na hivyo ndivyo alivyompa Wafula wetu jina.

Nikasubiri. Nilikwenda kwao kila Jumapili nikampakata mtoto, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshauandaa hadi utani wangu: "Mke wangu, umerudi? Mbona bila meno?" Nilikaa nao mdomoni kama peremende.

Jumapili moja nikasikia Maja akimwita mtoto Signe. Nilidhani ni jina la kubembelezea. Wafula akaniambia wameshaliandikisha, maana ofisi huku haingoji milele. Signe ni bibi yake Maja. Mama yake Maja alikuwa amesema tu, mezani, wakinywa kahawa: ingependeza mtoto aitwe Signe.

Uso haudanganyi. Maja akamtoa mtoto kwenda kumbadilisha nepi. Wafula akaketi karibu nami.

"Pappa, ulitaka aitwe Mama?"

"Nilingoja uniulize."

"Niulize?" Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama enzi za shule nikimsahihishia hesabu. "Mimi ndiye niliyekuwa nangoja. Kila Jumapili nilikuwa nangoja useme. Ulinyamaza tu. Nikamwambia Maja, tuliache hilo jina, litamuumiza mzee kulisikia likiitwa nyumba nzima."

Fikiria, Mama Wafula. Kila mmoja alinyamaza kwa kumwonea mwenzake huruma, na katika ukimya huo wakapita watu waliosema.

Akaniahidi kwamba wataliongeza kuwa jina la pili, kwamba fomu ni rahisi. Nikamshukuru, maana ni mtoto mwema, umemlea vizuri. Lakini nimefanya kazi na majina ya watu waliokufa maisha yangu yote, na najua la pili huwa linakaa wapi. Linakaa kwenye pasipoti. Hakuna atakayesimama mlangoni mchana akaliita ili mtu aje kula.

Niliporudi nyumbani niliitandaza ile karatasi ya nasaba, nikatazama pale ulipoweka kidole. Kisha nikatambua jambo ambalo sikuwa nimelipima. Katika mji huu wote, kanisani, kazini kwako, kwa majirani, ulikuwa Mama Wafula. Ndivyo heshima yetu ilivyo. Barua hii yenyewe nimeianza hivyo. Jina lako halisi, ulilopewa kwa kuwa ulizaliwa msimu wa palizi, lilikuwa kinywani mwa watu wachache, nao wamekufa. Nimebaki mimi. Nikinyamaza nami, utakuwa mama wa fulani mwishoni mwa mstari, na msomi fulani atashuku kama ulikuwepo.

Sina la kukufariji, wala la kujifariji. Nimekuwa nikisimama mlangoni kila asubuhi, pale ulipokuwa ukining'inizia koti lako, na kukuita kwa sauti. Jirani aliwahi kufungua mlango akauliza kama nimempoteza paka. Nikamwambia hapana, nikafunga.

Leo pia nimeita. Naliaka. Naliaka. Naliaka.

Mume wako,
Baba Wafula