Kamera ya Nne

Jumapili, 1 Februari
Kanisa limenikosa tena. Nimeshinda Matuu, kwenye ghala la kupakia maembe, na futi, penseli na karatasi ya miraba. Napenda kupima Jumapili. Hakuna watu. Hakuna wa kuniuliza kama mume wangu anajua napanda ngazi. (Sina mume. Ngazi ninayo.)

Kreti za maembe zinapotea hapa, na Musembi, meneja, hajui zinapitia wapi. Kamera nane zitatosha. Lango, mizani, meza za kuchagulia, mlango wa kupakilia, na kadhalika. Ya nne nimeipeleka kona ya nyuma. Pako wazi, kuna ukuta wa kreti tupu tu. Mahali pazuri pa mwizi kujificha. Nimechora duara, nikajisifu kidogo.

Ni kazi yangu ya kwanza tangu niache kuajiriwa. Musembi ana wenzake watatu wenye maghala, nao wanataka kamera. Hii ikienda sawa, nimepona. Ikiharibika, narudi kuuza balbu dukani Machakos mjini.

Jumatano, 4 Februari
Waya siku nzima. Mabega yanauma. Uzuri wa kamera hizi ni kwamba waya mmoja unapeleka umeme na kurudisha picha. Ubaya ni kwamba lazima mtu autambaze huo waya darini, na mtu ni mimi.

Akina mama wa kupakia wako sita. Mkubwa wao ni Mama Nduku. Ananiita mwiitu, binti, kama mama yangu anavyoniita nyumbani. Leo alisimama chini ya ngazi akasema, "Mwiitu, ukianguka usiangukie maembe, hayo ni ya ng'ambo." Wenzake wakacheka mpaka wakaacha kazi. Nawapenda hawa watu.

Alhamisi, 5 Februari
Zimewaka. Zote nane! Mashine ya kurekodi iko ofisini, na Musembi anaona kila kitu kwenye simu yake. Alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nimelala mapema.

Ijumaa, 6 Februari
Nilifurahi haraka. Kamera ya pili na ya sita zinagombania anwani moja kwenye mtandao. Hii ikiingia, ile inapotea. Saa tatu nzima natafuta kosa kwenye waya. Kumbe nilizipa namba moja mimi mwenyewe. Mjinga.

Jumamosi, 7 Februari
Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa ofisini peke yangu, nikipima kama mashine inahifadhi picha vizuri. Nikarudisha nyuma hadi jana asubuhi, kamera ya nne. Mama Nduku anaingia kwenye kona. Anavua gauni. Kalondu, yule msichana mpya, anafuata. Wote sita.

Ndipo wanapobadilishia. Wanakuja na nguo za nyumbani, wanavaa aproni na kofia za kazi, na hawajawahi kupewa chumba. Ukisimama chini, kreti zinakuficha hadi mabegani. Ukiwa juu, mita nne, kreti si kitu. Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi na jioni. Leo asubuhi. Yote yamo.

Na mimi nilipima Jumapili.

Nimechomoa waya wa kamera ile. Nikamwambia Musembi. Anasema kwenye simu yake hutazama lango tu. Labda. Mashine inaandika tu kwamba ameingia, haiandiki ametazama nini. Akasema nifute, nizibe ile kona kwenye mipangilio, ninyamaze, nirudishe waya. Wakijua hawatapakia, na lori linakuja Jumanne. "Na jina lako je?" akaniuliza.

Kuziba ni rahisi, kipande cheusi juu ya picha. Lakini yeyote mwenye nenosiri anakiondoa kwa kidole kimoja. Waya sijarudisha.

Na sijafuta. Mkono ulikataa. Nikifuta, sitawaambia kamwe. Najijua.

Jumapili, 8 Februari
Kanisani. Sikusikia mahubiri. Naogopa, basi. Naogopa kupoteza kazi na naogopa zaidi uso wa Mama Nduku.

Jumatatu, 9 Februari
Saa ya chakula Mama Nduku alinipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe kutoka bakuli lake. Nikaweka kijiko chini nikasema mbele ya wote sita: Kamera ya kona imewaona mkivua nguo. Siku tatu. Niliiweka mimi. Sikuuliza mnabadilishia wapi.

Kalondu alijifunika uso kwa aproni. Mmoja akasema, "Aiya!" Mama Nduku akafunika bakuli polepole. Akasema, "Tuonyeshe."

Tukaingia ofisini. Alimwangalia Musembi mpaka akatoka mwenyewe. Nikawawekea. Walitazama dakika moja, pengine chini. Mama Nduku alijiona akiinua gauni, akageuza macho ukutani.

"Pa kufutia ni wapi?"

Nikamwonyesha. Akabonyeza yeye, kwa kidole chenye utomvu wa embe. Siku zote tatu. Akasubiri mpaka mashine iseme hakuna kitu, kisha akaniuliza mara mbili kama kuna nakala kwingine. Nikasema hakuna. Nilikuwa nimehakikisha, simu ya Musembi pia.

Hakuniita mwiitu. Alisema, "Sawa, fundi," wakarudi mezani. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 10 Februari
Hawakuingia. Walikaa nje ya lango juu ya kreti zilizopinduliwa, na nguo zao za nyumbani, wakisuka vyondo. Wanataka chumba chenye mlango. Hawakupiga kelele hata kidogo. Dereva wa lori alilala kwenye kiti chake.

Musembi akanipigia. "Umeona ulichofanya?" Nimeona. Nikaenda.

Ilipofika saa tano, maembe yakiwa yameanza kupata joto, Musembi alitoa ufunguo wa stoo ya makatoni. Tulihamisha makatoni sote, yeye pia, akiwa ametoa tai. Nilifunga komeo kwa ndani na kupiga misumari sita ya kutundikia nguo.

Akaniambia nisiwategemee wenzake watatu. Imeniuma. Sitajifanya haijaniuma.

Jumatano, 11 Februari
Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ghalani. Kamera ya nne sasa iko nje, juu ya mlango wa kupakilia, inatazama uwanja. Kazi imekwisha. Nilikuwa nakunja ngazi akina mama walipofika.

Wakasimama kwenye mlango wa stoo. Hakuna aliyeingia. Wote sita waliinua macho, wakaanza kukagua dari, kona hadi kona.

Nikasema hakuna kitu humo, nawaapia. Mama Nduku alinitazama. Akachukua aproni moja kwenye rundo, akaninyooshea.

"Fundi. Anza wewe."

Nikaingia. Nikasimama katikati, chini ya dari ile. Nikafungua ovaroli, nikaivua mpaka miguuni, nikabaki na fulana yenye tundu na suruali ya ndani. Hakuna aliyecheka. Nilivaa aproni, vidole vikatafuta kamba za mgongoni bila kuzipata. Mama Nduku akaingia, akanifungia. Kisha akaanza kufungua vifungo vya gauni lake, na wengine wakaingia mmoja mmoja. Kalondu, wa mwisho, akavuta komeo.