Kwa Mama, Aliyesimamisha Kitabu Chake Mtamboni

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mama, na meza yako ya dirishani bado hakuna aliyethubutu kuipanga upya.

Ulifundisha fizikia chuoni miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walikuita Bi Pindua. Ulijua, ukajifanya hujui. Uga wa umeme wa chaji iliyotulia, yaani eneo lote inakofika nguvu yake, ulisema, hata mtoto atauchora: mistari iliyonyooka pande zote. Chaji ikianza kuongeza kasi, hapo ndipo hesabu humtoa mtu jasho. "Basi msihangaike nayo," uliwaambia. "Chukueni iliyotulia, pindueni nafasi na wakati kwa pamoja. Njia yake ndani ya wakati, iliyonyooka, itapinda, na uga utafuata wenyewe."

Ukaliandikia jambo hilo kitabu. Kilikuwa kimeshafika kwa mpiga chapa Jumapili ile, tukila chakula cha mchana, Baba alipoushika mchoro wako. Baba ni fundi cherehani. Hesabu yake inaishia kwenye futikamba.

"Mama watoto, hapa palikuwa na mstari mwingine. Umeufuta?"

"Ni chaji ya pili. Hutokea ukipindua. Inanisumbua tu."

"Mimi kitambaa kikizidi, sikitupi mpaka nijue kimetoka wapi."

Uliweka kijiko chini. Ukachukua kalamu, ukapiga hesabu upya pale pale mezani. Kumbe sehemu ya uga ule wa kitabuni haikuwa ya chaji yako. Ilikuwa ya ile uliyoifuta.

Kesho yake ukampigia mpiga chapa asimamishe kazi, na daktari alikuwa ameshakuambia muda wako si mrefu. Tukakusihi ukiache kitoke hivyo hivyo. "Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Wenzako walipotania kwamba mwalimu kasahihishwa na cherehani, ulicheka kuliko wao.

Miezi mitano ulisahihisha, kurasa zimetandazwa kitandani. Kitabu kilitoka siku tisa baada ya kukuzika. Tukuambie ukweli: tulikionea wivu. Miezi ile tuliitaka iwe yetu.

Muhula huu, mwalimu aliyerithi darasa lako aliulizwa swali akakwama mbele ya watu sitini. Akaweka chaki chini, akasema, "Sijui. Nipeni mpaka Alhamisi." Kitindamimba wako alikuwa safu ya nyuma. Alipotusimulia nyumbani, Baba akasema, "Huyo kafundishwa na mama yenu." Siku hiyo wivu ulitutoka.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mkweo na mjukuu wako. Hatutachoka kukukumbuka, Mama.