Besi ya Baba

Jumapili, jioni. Mvua haijakatika tangu meli ya Bukoba ilipofika asubuhi, na ziwa limekuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nyumba yetu hapa Mirongo inanuka chokaa mbichi. Nina furaha ambayo sitaki mume wangu aione.

Mama amekuja kumsikiliza baba.

Baba tulimzika mwaka jana. Aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri kijijini kwetu, upande wa Bukoba, na sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu, iliyorekodiwa kanisani Pasaka yake ya mwisho. Kijijini hakuna mtambo wa kuipigia. Nilimwahidi mama palepale msibani kwamba atakuja kuisikia huku kwangu, kwenye sterio yenye spika mbili kubwa.

Basi Masanja, mume wangu, akaona mkwe hawezi kupokelewa na ukuta mchafu. Akang'oa nyaya, akatoa spika nje, akapaka chokaa, akarudisha kila kitu mwenyewe, maana aliwahi kwenda kozi ya redio Dar es Salaam. Ile kozi! Ilikuwa ya kusimamia vikundi vya wanakijiji wanaosikiliza vipindi vya kilimo. Mume wangu amesomea kusikiliza.

Jana tuliijaribu kanda. Sauti za wanawake zilitoka nyembamba kama za mbu, na pale alipopaswa kuwa baba hapakuwa na kitu.

Mtaalamu akaanza kazi. Akazisukuma spika hadi ukutani. Akazipandisha juu ya matofali, akazishusha. Akazungusha kitufe cha besi mpaka kikagoma. Akafungua ubao wa nyuma wa spika ya kushoto, akaishindilia pamba ya shambani kwao Kisesa, hata mbegu hakuzitoa. Mwishowe akanitazama kama daktari anayeleta habari mbaya.

"Kanda imechakaa, Mama Neema. Besi ndiyo hutangulia kufa."

Nilimdharau. Naandika hivyohivyo: nilimdharau kuanzia utosini hadi kwenye kandambili zake. Nilikuwa nampoteza baba mara ya pili, na huyu ananisomea kozi.

Leo alipokwenda bandarini kumpokea mama, niliwasha tena. Spika ya kushoto ilinikera kwa pamba yake, nikaizima ibaki ya kulia peke yake.

Baba akaingia. Mzito, yuleyule.

Nikairudisha ya pili, akatoweka. Nilidhani nimerukwa na akili: spika moja inanipa baba, mbili zinaninyima. Nikapiga magoti nyuma ya spika. Kulia, waya mwekundu umeingia kwenye tundu jekundu. Kushoto, bwana kozi ameuchomeka kwenye jeusi. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi ikapotelea katikati. Nikabadilisha nyaya kabla chai haijachemka.

Mama alipofika hakutaka hiyo chai. Alikaa chini kando ya spika ya kushoto, akaweka kiganja kwenye kitambaa kinachoifunika kwa mbele. Baba alipoanza kuimba, kitambaa kilitetemeka chini ya vidole vyake. Alisikiliza hadi mwisho bila kutoa chozi.

"Anachelewa," alisema. "Miaka yote nilimwambia anaimba nyuma ya wenzake, hasikii."

Kisha akasema, "Hebu rudisha."

Masanja, aliyesimama mlangoni kwa adabu ya mkwe, akakohoa. "Ni ile pamba, mama. Imesaidia sana."

Jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi, kali, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado pale kwenye kitambaa. Amesafiri usiku kucha melini kuja kumsikia mtu akichelewa.

Nikarudisha kanda mwanzo.

Sasa wote wamelala, nami naisikiliza tena kwa sauti ya chini. Kila baba anaposhuka kwenye noti nzito, zile mbegu za Masanja zinagongagonga ndani ya spika. Zinaniudhi sana.

Nimeamua sizitoi.