Mo ya Maumivu, Mo ya Wali

Alhamisi, katikati ya Novemba. Mvua ya baridi tangu asubuhi. Mwili umechoka, ila kichwa kimejaa maswali.

Nikiri kwanza: kwa siku mbili nilimpa chakula mtu aliyekuwa akiniambia anaumwa.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Sundbyberg, kando ya Stockholm. Mzee Tou aliletwa kwetu kiangazi kilichopita. Ni Mhmong, mzaliwa wa milima ya Laos. Vita vilimkimbiza hadi kambini Thailand, kisha Ufaransa, na uzeeni binti yake, Mai, akamleta Stockholm. Kiswidi hakuwahi kujifunza. Kifaransa alikuwa nacho, lakini ugonjwa wa kusahau umekifuta. Mwenzangu Mama Furaha, mtu wa Bukavu, alijaribu wiki nzima, kisha akanijia akitikisa kichwa: "Dada, français imemutoka yote."

Kimebaki Kihmong tu.

Mai alitubandikia ukutani karatasi ya maneno machache. Dej, maji. Mov, wali. Jumatatu mzee akaanza kusema, "Mo, mo." Nikadhani anaikata mov ya karatasini, nikafurahi kwamba nimemwelewa, nikamletea wali. Akausukuma. Nikaleta mwingine wa moto. Akashika shavu, akageukia ukuta. Kwenye ripoti nikaandika: hataki kula.

Jumanne vilevile.

Jana nikampigia Mai, nikaisogeza simu karibu na mdomo wa baba yake. Mzee akasema neno lake.

"Haombi wali," Mai akaniambia kwa Kiswidi, taratibu. "Anasema anaumwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lilikuwa jino la nyuma, limetunga usaha. Daktari wa meno alikuja jana hiyohiyo akaling'oa.

Leo Mai amekuja mwenyewe. Nimemwomba radhi. Hakunilaumu, alichukua kalamu akaandika maneno mawili: mob, mov. Kumbe hizo b na v za mwishoni hazitamkwi! Zinakuelekeza tu sauti iende vipi. Mob, sauti inakaa juu: kuumwa. Mov, sauti inaanzia chini na kupanda: wali. Nami miezi yote hii nikisoma "movu". Sauti za namna hiyo ziko saba au nane, na silabi ileile, ukiigeuza sauti, ni neno jingine kabisa.

Nikamwambia hata sisi, katika Kiswahili, tuna barabara ya kupita magari na barabara ya sawasawa, mkazo tu ndio unaozitenganisha. Akacheka. "Basi ninyi mmeonja kidogo tu."

Nikataka kujua Wahmong wenzake wako wapi. Kusini mwa China, akasema, Vietnam, Laos, Thailand. Baada ya vita wengi walikwenda Marekani. Nchi yao wenyewe hawana.

"Na hapa Stockholm?"

"Ninaowajua ni mimi na baba. Wanangu hunijibu kwa Kiswidi." Akamfuta mzee kidevu. "Akiondoka, sitakuwa na wa kuongea naye."

Wanangu mimi, nyumbani kule Hjulsta, hunijibu kwa Kiswidi vilevile, na mimi nimekuwa nikijidanganya kwamba watakua wakirudie Kiswahili chao.

Mai alipokwisha kuondoka, mzee akanywa supu yote. Kisha akanyoosha kidole dirishani na kutamka neno nisilolijua. Nikalirudia. Akakataa kwa mkono. Nikapandisha sauti, akakataa. Nikaishusha, akafumba macho kama aliyeumizwa masikio. Mara ya tano akaitikia kwa kichwa, kwa shingo upande, kama mwalimu aliyempitisha mwanafunzi mzito.

Tangu kiangazi sijawahi kumwona na uso uliochangamka vile.

Sijui kama nimesema mti, ndege au dirisha. Kesho, kabla sijavua koti, nampigia Mai.