Gari Linalomkataa Mtoto

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na lile sikio, limefunguka hata kidogo? Ningepiga simu, ila mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuamua ugomvi, kwa hiyo naandika. Sisi wazima. Baba yake mtoto bado yuko mbali kikazi, anasalimia. Bwana Mkubwa ameota meno na anayajaribu kwangu. Siku hizi anakula uji, basi kutoka naye nyumbani ni kuhama: chupa ya maji moto, bakuli, nepi, nguo za akiba, mkoba umevimba kama wa msafiri.

Mama, gari lako linanitia aibu.

Silisemi vibaya. Ulinikabidhi ukasema halijawahi kukulaza njiani, na miezi ya mwanzo hata mimi halikunisumbua. Sasa kuna siku nageuza ufunguo na lenyewe linaninyamazia. Halikohoi, halitetemeki. Limenuna tu. Wakinisukuma linawaka. Juzi limegoma pale pale mbele ya geti la kiwanda chetu cha udobi, zamu inatoka, nimeshamchukua mtoto kwa mlezi wake ng'ambo ya barabara. Wenzangu wa chumba cha pasi wakanisukuma na sare zao, wakicheka. "Dada, ungenunua punda, angalau anakula majani." Nilicheka nao. Nilipofika kona nikalia.

Linalonichoma zaidi ni hili: nikimwita fundi, linawaka mara moja. Fundi wetu wa mtaa tunamwita Taratibu kwa mwendo wake. Namtoa mtoto, natoa mzigo wangu, nampisha akae, anageuza ufunguo, hilo linanguruma. Ananitazama kama mtu anayeita wazima moto bila moto. Na msimamizi ameniambia nikichelewa tena niache aproni kwenye msumari nisirudi.

Nifanye nini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni wangu, nimeuzoea. Sikio lile limeshastaafu, limenitangulia. Mama yako mdogo anakusalimu, anasema umpe mjukuu nyama, uji ni wa wagonjwa. Usimsikilize.

Kwanza futa machozi. Mimi nimeendesha gari la mikate tangu wanaume wananiuliza mume wangu yuko wapi, na nimesukumwa nikiwa na mimba yako. Kusukumwa si aibu. Aibu ni kutokujua kwa nini unasukumwa.

Pili, asibadilishe mtu kitu chochote. Fundi asiyejua ugonjwa huanza kung'oa meno. Likigoma, washa taa kubwa zimulike ukuta, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia, betri haina nguvu. Likisema ta-ta-ta, ni betri hiyo hiyo. Likigonga mara moja kwa kishindo, tazama starta, ile mota inayozungusha injini iwake. Lakini taa zikibaki kali na gari kimya, nguvu ipo, ila amri haifiki. Hapo unaufuata ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye starta, uone amri inapotea wapi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tazama siku ya kugoma ina nini ambacho siku nyingine haina. Mvua? Jua? Umeegesha mlimani? Nani yumo ndani? Gari la mikate lilikuwa likizimika kila nikipita njia ya machimbo. Gereji nzima ikafungua injini. Kumbe tuta moja tu, likirushwa waya unagusa bodi. Gari haligomi bila sababu, mwanangu. Watu ndio wanaoweza hilo.

Mbusu Bwana Mkubwa kisogoni.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Mimi nimechoka mpaka kwenye kucha.

Nimefanya ulivyosema. Taa zinabaki kali, gari kimya. Taratibu hakunisubiri nimalize kusoma barua yako, akafunga starta nyingine. Kesho yake likagoma na hiyo starta yake mpya.

Nimetazama pia siku. Mama, naona haya hata kuandika. Linagoma nikiwa na mtoto. Jirani akija kumshika nyumbani, nikatoka peke yangu, linawaka kama lililotoka dukani jana. Nikimpakia Bwana Mkubwa, kimya. Si kila mara, lakini likigoma lazima yeye yumo. Nikafanya kosa la kumwambia jirani. Sasa mtaa mzima unasema gari linamkataa mtoto, wengine wanasema nyota yake nzito. Jana nimejikuta nimemgeukia pale nyuma kwenye kiti chake, namkodolea macho. Akanichekea na meno yake yale. Nimejichukia, mama.

Wiki hii nimeomba kusukumwa mpaka watu wanafunga milango wakiniona nakuja. Msimamizi amenitoa chumba cha pasi, amenipeleka kwenye mapipa ya kuloweka, anasema nikichelewa huko hakuna wa kuniona. Hiyo ndiyo huruma yake ya mwisho.

Halafu Taratibu amechungulia chini ya dashibodi akasema, "Kuna mkono wa mtu huku. Waya huu si wa kiwandani." Ni wewe? Niambie. Au ulinipa gari hili kwa sababu lilikuwa limekwisha kukushinda?

Mwanao

Jumanne

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nilikuwa naisoma naikunja.

Limenishinda mimi? Mimi? Gari lile nimelishika na mikono hii kabla hujajua kufunga vifungo. Waya wake hata mmoja sijaugusa. Ulivyotoka kiwandani ndivyo ulivyo. Kama kuna mkono wa mtu, ni wa huyo Taratibu wako, anaharibu ili arudi kutengeneza. Mafundi wa hivyo nimewajua. Mwambie mbele za watu, asikie na wateja wake, ndiyo dawa yao.

Umetazama betri? Likigoma washa taa kubwa zimulike ukuta. Zikififia ni betri.

Mama yako

21 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Safari hii nakuomba uwe umekaa, na chai iwe karibu.

Nilimwambia. Nilisimama kwenye kibanda chake, wateja wake wapo kwenye benchi, mtoto mgongoni, nikamwambia maneno yote ya barua yako na mengine ya kwangu. Mwizi nilimwita. Aliweka spana chini, akafuta mikono, polepole kama kawaida yake. Akasema, "Sawa, mama Bwana Mkubwa. Mimi sitagusa. Lala mwenyewe chini, ufuate huo waya."

Nikalala. Kichwa pale abiria anapoweka miguu, taa ya mkononi mdomoni, na Bwana Mkubwa amekalia tumbo langu. Nikaufuata waya mwembamba kutoka kwenye ufunguo. Haukwenda moja kwa moja kwenye injini. Ulipita chini ya dashibodi mpaka upande wa abiria, ukaingia kwenye swichi ndogo nyeusi iliyofichwa nyuma ya zulia. Nikaibonyeza chini, nikamwomba Taratibu ageuze ufunguo. Kimya. Nikainyanyua. Likanguruma.

Ni swichi ya kuzuia wezi, mama. Na pale ndipo ninaposhindilia mkoba wa mtoto, nausukuma kwa goti uingie. Ukiwa umejaa unaibonyeza. Nikiutoa kumpisha fundi, unaikwaruza, inarudi juu. Kwa hiyo si nyota. Ni mkoba wa uji.

Waya ulioungwa pale haukufungwa kwa tepu. Umefungwa kwa kitambaa cha bluu ya mbingu, kipande cha sare yako ya gari la mikate, na fundo lake ni lile la kitanzi ulilokuwa ukifungia mifuko, ulilonifundishia kufunga viatu. Sijaona mtu mwingine duniani anayelifunga hivyo.

Nilibaki chini kule zaidi ya haja. Sikuwa na uso wa kutokea. Nilipotoka, nilimwomba Taratibu msamaha mbele ya benchi lile lile, maana matusi yalikuwa ya hadharani. Angenitukana ningepumua. Alichukua kitambaa akampangusa mtoto vumbi usoni, akarudi kwenye kazi yake.

Mkoba sasa unakaa nyuma, gari halijagoma tena, na kwenye mapipa nafika kabla ya msimamizi. Hilo limekwisha.

Ila lingine halijaisha. Mama, ile swichi uliiweka wewe. Hukunidanganya, nakujua, ukidanganya unaongeza chumvi, na barua yako haikuwa na chumvi. Ulisahau?

Nijibu.

Mwanao

15 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimempigia mama mdogo, akasema uko shambani, nikapiga tena, akasema umelala. Hajui kudanganya, huyo, alirithi upande mwingine.

Sikuandika ili kukuaibisha. Aibu niliyo nayo mimi inatosha kaya mbili: nimemtukana mtu asiye na kosa, nimemshuku mtoto wangu wa kunyonya, na wewe nimekuandikia neno ambalo nikilikumbuka naacha kula. Lakini sitanyamaza kama gari. Uliniambia aibu ni kutokujua kwa nini. Basi nijulishe.

Mwanao

Tarehe utaiona kwenye muhuri wa posta

Mwanangu,

Marahaba, zote ulizonipa na sikuitikia.

Mama yako mdogo ameketi hapa, ananiambia siku na mimi namwambia asinisaidie. Nataka kuiandika barua hii mwenyewe, akili ikiwa bado ni yangu.

Ile swichi nakumbuka sasa, kwa kuwa umeniambia. Nakumbuka hata mkasi niliokatia sare. Waliiba gari la jirani, nami nikaogopa kwa hili. Kila nikiegesha, mkono unavuka kwenda upande wa pili, unaibonyeza chini. Kila nikitaka kuondoka, mkono unainyanyua. Miaka yote hiyo sikuwa nawaza, ni kama kushusha pazia.

Neno lako lile, kwamba gari lilinishinda, lilikuwa kweli. Ndiyo maana nilikasirika.

Kabla sijakupa, niliingia garini asubuhi niende sokoni. Nikageuza ufunguo, kimya. Nikawasha taa, kali. Nikajua amri haifiki. Nikafungua boneti, nikafuata waya, nikafika mahali nikasahau nilikuwa nautafuta upi. Nikarudi kukaa. Jua likapanda, mikate ya watu ikaliwa, mimi nimekaa na ufunguo. Kumwita fundi niliona haya. Mimi, nimwite fundi. Baadaye, nikiwa nawaza mengine kabisa, mkono wangu ukavuka wenyewe kule chini, gari likawaka. Na sikujua mkono umefanya nini, mwanangu. Mkono ulijua, mimi sikujua.

Nikasema gari limezeeka. Nikasema afadhali nikupe wewe kijana. Nikaiita zawadi.

Siku hizi chumvi naitia mara mbili, au sitii. Wiki iliyopita nilitoka kwenda kwa muuza mkaa nikaletwa nyumbani na watoto wa shule. Waliniita bibi, wakanishika mkono huku na huku, na mimi niliyewagawia baba zao mikate. Niliwaambia nilikuwa natembea tu.

Usije. Nyumba haijafagiliwa.

Mama yako

6 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na mara hii nitaisubiri marahaba yake uso kwa uso.

Jumamosi nakuja. Nyumba isifagiliwe, ufagio ninao. Ruhusa nimepewa: nilimweleza msimamizi ukweli, akasema mama yake naye alikuwa anavaa viatu vya watu msikitini. Taratibu amelikagua gari mwenyewe, kafuata kila waya, na fundo lako hakuligusa. Alisema tu, "Aliyelifunga alijua kazi."

Utarudi na sisi. Chumba ni kidogo na Bwana Mkubwa anakoroma, utavumilia. Mama mdogo akitaka, naye apande. Usukani hutashika, na hilo tusibishane mbele ya mtoto. Lakini utakaa mbele, kiti cha abiria. Mkoba nitauweka nyuma.

Swichi nimeiacha pale pale. Nikishaegesha, na kila tukitaka kuondoka, mimi nitashika ufunguo nisubiri. Wewe usiwaze chochote. Acha mkono ushuke.

Mwanao